Bukavu, Mji wa Vilima: Anayebebwa Atasemea Wapi Siri Yake?

Msomaji mpenzi, ukitoka Kamituga kwenda Bukavu, usihesabu kilomita, hesabu matope. Kilomita ni karibu 180 tu. Lakini mvua ikiwa imenyesha, gari inaweza kulala njiani, na wewe unalala nayo. Unapita Mwenga, unapita Walungu, kisha unaingia mjini kwa upande wa Panzi. Pale motari wanakungoja: "Papa, tuende! Mama, unashuka wapi?" Unafika Essence, unaendelea mpaka Nyawera, na mbele kidogo ziwa Kivu linajionyesha, limetulia kana kwamba halijui mambo yote yaliyopita hapa.

Bukavu ni mji mzuri, nani atakataa? Rasi zake tano zinaingia katika ziwa kama vidole vya mkono. Mto Ruzizi unatoka ziwani hapo hapo na kuanza safari yake kwenda Tanganyika, na ng'ambo yake ni Rwanda. Mji uko juu, karibu mita 1500 toka usawa wa bahari, kwa hiyo hakuna joto la Uvira. Wabelgiji waliuita Costermansville. Walijenga nyumba zao chini, karibu na maji, na watumishi wao wakawekwa Kadutu na Bagira. Kisha vita vikaja, watu wakakimbia vijiji vyao, wakapanda vilimani kutafuta pahali pa kusimamisha nyumba. Leo nyumba zimepandana: bati la jirani liko chini ya mlango wako, na mlango wa jirani mwingine uko juu ya bati lako. Njia kati yake ni vijia vya udongo na ngazi zilizochimbwa kwa jembe. Mvua ya Septemba ikianza, vijia vile vinateleza kama sabuni, na pengine udongo unateremuka pamoja na nyumba.

Sasa nikuulize: umekwisha kupita katika vijia vile vya Kadutu ukifikiri juu ya mtu mwenye mguu mmoja? Mtu wa kiti cha magurudumu? Mama asiyeona? Mji huu umejengwa kwa watu wenye miguu. Anayekosa miguu anabebwa. Na hapo ndipo inapoanzia shida ninayotaka tuizungumze mwezi huu: mtu anayebebwa kila pahali hana pahali pa kusema siri yake.

SHIMO NA VITA

Juu ya nini sisi watu wa machimbo tuizungumze habari hii? Kwa sababu njia hii ya Bukavu tunaijua. Tunaipita tukiwa wazima, kwenda kuuza na kununua. Tena tunaipita tukiwa tumelala nyuma ya gari, shimo likiisha kutuangukia. Tarehe 11 Septemba 2020 mvua kubwa iliangusha udongo juu ya mashimo ya dhahabu Kamituga, na watu wapatao 50 wakafa. Hao tuliwalilia. Lakini wako wengine ambao redio haiwataji, kwa maana hawakufa. Jiwe lilivunja mgongo, au mguu ulikatwa, au mlipuko ulichukua macho. Walipelekwa mjini, wakatibiwa, wakarudishwa nyumbani. Kwenye karatasi iliandikwa: amepona.

Amepona kweli? Tuseme ni kaka yako. Jana alikuwa PDG wa shimo lake, vijana 10 wakimsikiliza. Leo analala katika chumba cha nyuma, na bibi yake anamwosha kama mtoto. Usiku hapati usingizi. Mchana hataki kula. Siku moja anasema polepole: "Heri ningebaki mule ndani." Watu wa nyumba wanajibu: "Ni juu ya mgongo, atazoea." Hapana, msomaji. Mgongo ni jeraha moja. Neno lile ni jeraha lingine, nalo lina dawa yake. Na dawa ya kwanza ni mtu wa kumsikiliza.

Bukavu yenyewe imebeba mengi. Oktoba 1996 vita viliingia mjini, na tarehe 29 ya mwezi ule Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa akauawa. Mwaka 1998 vita vingine vilianza. Juni 2004 mji ulishikwa na waasi na kuibwa. Tarehe 3 Februari 2008 dunia ilitetemeka, nyumba na makanisa vikaanguka pande zote mbili za Ruzizi. Februari 2025 wapiganaji wa AFC/M23 wakaingia Bukavu, watu wakakimbia tena na watoto mgongoni. Katika kila mbio ya namna hiyo, nani anabaki nyuma? Asiyeweza kukimbia. Asiyesikia bunduki ikilia. Asiyeona njia. Yeye anaogopa mara mbili: anaogopa bunduki, na anaogopa kuachwa.

Mwaka 2019 Shirika la Afya la Dunia (OMS) lilitangaza hesabu hii: katika nchi zenye vita, karibu mtu 1 kati ya 5 yuko na shida fulani ya akili au ya moyo, kama huzuni isiyoisha, woga, au ndoto za kutisha. Mwaka 2022 shirika lile lile lilisema kwamba duniani mtu 1 kati ya 6 yuko na ulemavu mkubwa. Weka hesabu hizo pamoja juu ya vilima vya Bukavu na juu ya machimbo yetu. Utaona kwamba hatusemi juu ya watu wawili watatu.

MILANGO IKO

Tusiseme kwamba Bukavu haina msaada. Hiyo si kweli. Mji huu una milango ambayo miji mingine inaitamani.

Kuna Heri Kwetu, nyumba ya kanisa katoliki kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Huko watu wanapewa miguu ya kutengenezwa, wananyoshwa viungo, wanajifunza kusimama tena. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu imeisaidia nyumba hiyo katika kazi ya kuwarudisha waliojeruhiwa vitani.

Kuna SOSAME, hospitali ya wagonjwa wa akili, inayoongozwa na mafurere wa shirika la Frères de la Charité. Shirika hilo lilianzishwa Ubelgiji na padri Petrus Jozef Triest mwaka 1807. Mafurere hao hao wanasimamia Tulizo Letu kule Goma. Angalia majina hayo: Heri Kwetu, Tulizo Letu. Walioyachagua walijua mtu anatafuta nini.

Kuna hospitali ya Panzi, iliyofunguliwa mwaka 1999 na daktari Denis Mukwege pamoja na kanisa la CEPAC. Daktari huyo alipata zawadi ya Nobel ya amani mwaka 2018. Panzi walielewa mapema kwamba kumshona mama aliyetendewa ubaya na kumrudisha nyumbani haitoshi. Wakatengeneza msaada wa nguzo nne: dawa ya mwili, msaada wa moyo, msaada wa sheria, na msaada wa kupata kazi ya kujilisha. Wanaokaa na wagonjwa na kuwasikiliza tunawaita APS, wasaidizi wa mambo ya moyo na maisha. Huenda hata katika kituo cha afya cha kwenu yuko mmoja.

Basi milango iko. Swali letu ni jingine: kaka yako wa chumba cha nyuma ataufikia mlango upi, na akiufikia, ataweza kusema?

NANI YUKO NDANI YA CHUMBA?

Watu wengi wakisikia "kumsaidia mwenye ulemavu aingie", wanafikiri saruji tu: bomoa ngazi, weka mteremko. Ni vizuri, tena inafaa. Mlango wenye ngazi tatu ni mlango uliofungwa kwa mtu wa kiti. Chumba cha ushauri kisiwe ghorofani. Na choo! Hakuna anayefikiri choo. Mtu aliyevunjika mgongo hawezi kushika mkojo kama wewe, tena hawezi kukaa saa tatu juu ya ubao mgumu bila kupata vidonda. Ukimwambia angoje zamu yake kwenye benchi toka asubuhi mpaka mchana, umemfukuza bila kusema neno. Mpe saa yake, aje, asikilizwe, arudi.

Lakini hata ukitengeneza hayo yote, kuna mlango mwingine wa ndani. Ushauri wa moyo hauko sawa na sindano. Sindano unaweza kudungwa mbele ya watu wote. Neno la moyo halitoki mbele ya kila mtu.

Sasa fikiri. Kaka yako analetwa na bibi yake. Yeye ndiye aliyemsukuma, yeye ndiye aliyelipa motari. Wanaingia pamoja, APS anauliza: "Papa, nini inakusumbua?" Atajibu nini? Pengine kinachomsumbua ni kwamba anaona haya mbele ya bibi huyo huyo. Pengine anaogopa atamwacha. Pengine anataka kulia, na hajalia mbele yake hata siku moja. Anajibu: "Hakuna neno. Ni mgongo tu." Wanapewa vidonge vya maumivu, wanarudi. Kwenye kitabu cha kituo imeandikwa kwamba alipokelewa. Kumbe hakupokelewa. Mgongo wake ulipokelewa, yeye mwenyewe alibaki nje.

Tena kuna siri nzito kuliko hiyo. Wengine wenye ulemavu wanapigwa au wanatendewa ubaya ndani ya nyumba, na yule yule anayewaleta. Msichana asiyeona, kijana mwenye akili nzito, hao ni rahisi kwa mtu mbaya. Kama kila mara mleta ndiye msemaji, ubaya huo hautajulikana kamwe.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza si ya fundi wa saruji. Ni ya adabu: kila mtu apate dakika zake akiwa peke yake na msikilizaji. Msindikizaji ashukuriwe, apewe kiti nje. Ikiwa mgonjwa mwenyewe anataka akae naye, sawa, ila aulizwe yeye, tena aulizwe wakati msindikizaji hayupo.

BUBU SI MTU ASIYE NA MANENO

Kwa kiziwi shida hii ni kubwa zaidi. Tumezoea kumwita bubu, kana kwamba hana neno la kusema. Lakini keti karibu na viziwi wawili waliosoma pamoja, utaona mikono inavyokimbia, wanacheka, wanabishana, wanasengenya kama sisi! Lugha wanayo. Ni sisi ambao hatuijui.

Msomaji, unajua habari ya Andrew Foster? Alikuwa Mmarekani mweusi. Ugonjwa ulimfanya kiziwi akiwa na umri wa miaka 11. Mwaka 1954 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kumaliza masomo katika chuo cha viziwi cha Gallaudet. Mwaka 1957 alifika Accra, Ghana, akafungua shule ya viziwi. Hakuishia hapo. Alizunguka Afrika akifungua shule zaidi ya 30 na kufundisha walimu, na lugha ya ishara ya viziwi wengi wa Afrika, hata wa Kongo, ina mizizi katika kazi yake. Alikufa katika ajali ya ndege tarehe 3 Desemba 1987, karibu na Gisenyi, kaskazini ya ziwa hili letu la Kivu. Miaka mitano nyuma ya hapo, Umoja wa Mataifa ulichagua tarehe 3 Desemba kuwa siku ya watu wenye ulemavu ulimwenguni.

Foster alituonyesha kwamba kiziwi anaweza kufundisha, kuhubiri na kuongoza. Lakini kiziwi huyo huyo akifika kwa APS na huzuni yake, nani atamfasiria? Mara nyingi ni mtoto wake mwenye miaka 9, au dada yake. Je, mama atasema mbele ya mtoto wake mambo ambayo askari walimtenda? Na mtoto akiisha kuyafasiri, nani atamponya mtoto?

Tena wengi hawakusoma shule ya viziwi hata siku moja. Wako na ishara za nyumbani tu: kula, lala, mbuzi, ondoka, moto. Ishara hizo zinatosha kwa kazi. Hazitoshi kwa kusema: "Kila usiku naona kitu kile kile." Kwa mtu kama huyo inafaa tuwe na uvumilivu: picha, kuchora chini, kuigiza kwa mwili, na kiziwi mwingine aliyesoma akae kati kama daraja. Daraja huyo aape kutunza siri kama munganga anavyoapa. Na msikilizaji amtazame mwenye shida usoni, asimtazame mfasiri. Neno ni la yule mwenye shida.

KWA ASIYEONA NA KWA MWENYE AKILI NZITO

Asiyeona, tunafikiri shida yake ni njia tu. Lakini akiisha kuketi, shida yake nyingine ni hii: hajui nani yuko ndani. Anasikia mlango, anasikia kikohozi. Ni munganga? Ni jirani? Ukimsikiliza mtu asiyeona, anza hivi: "Mimi ni fulani. Tuko wawili tu ndani. Mlango umefungwa. Mtu akiingia, nitakuambia." Maneno manne hayo hayagharimu hata franka moja, na yanafungua moyo kuliko mlango mpana.

Mwenye akili nzito, wengine wanasema: "Huyo haelewi, hawezi kuhuzunika." Ni uongo mtupu. Mama yake akifa, analia siku nyingi baada ya wewe kunyamaza, kwa sababu hakuna aliyemweleza mama amekwenda wapi. Sema naye kwa maneno mafupi, jambo moja moja. Ngoja jibu. Rudia. Mwone mara nyingi kwa muda mfupi, si mara moja kwa saa nzima.

Liko kosa lingine, nalo linaingia mpaka katika makanisa yetu. Mtu mwenye ulemavu akihuzunika, tunafikiri sababu ni ulemavu, basi. Kumbe huenda mchumba wake amemkataa, au deni linamkaba, au amefiwa, kama mtu yeyote. Wengine tunakimbilia kusema: ni mapepo, ni laana ya ukoo, ni dhambi ya wazazi. Wagonjwa wamefungwa kamba na kunyimwa chakula kwa jina la maombi. Sala haimkatazi mtu dawa, wala haihitaji kamba. Ukimwombea ndugu, mwombee, kisha mpeleke.

DAWA INAYOTEREMUKA

Pengine unasema: "Mambo hayo ni ya Wazungu na ya madaktari wakubwa. Huku kwetu nani atayaweza?" Ngoja nikuambie jambo lililofanyika hapa hapa Kivu.

Mwaka 2013 gazeti la waganga liitwalo New England Journal of Medicine lilitangaza kazi iliyofanywa katika vijiji 15 vya Kivu ya Kusini na ya Kaskazini, kwa wanawake 405 waliotendewa ubaya vitani. Katika vijiji vingine wanawake walisaidiwa mmoja mmoja, kama ilivyokuwa desturi. Katika vijiji vingine waliketi kwa makundi, wakafundishwa hatua kwa hatua namna ya kuyapanga upya mawazo yanayowala. Waliowafundisha hawakuwa madaktari. Walikuwa wanawake wa hapa, APS, waliosoma miaka minne au zaidi baada ya shule ya msingi, wakapata mafundisho na kusimamiwa vizuri. Miezi sita nyuma ya kumaliza, katika vijiji vya makundi walibaki wanawake 9 tu kati ya 100 wenye dalili za huzuni kubwa au woga. Katika vijiji vile vingine walikuwa 42 kati ya 100.

Lakini sikiliza jambo linalotuhusu zaidi. Dawa hiyo ilitoka Marekani, na kule mgonjwa anajaza karatasi. Wanawake wetu wengi hawakujua kusoma. Je, waliambiwa, "Nendeni kwanza mkajifunze kusoma"? Hapana. Karatasi ndizo zilizobadilishwa: zikafanywa maneno mafupi ya kushika kichwani. Dawa ikateremuka mpaka alipokuwa mtu. Basi kama iliweza kuteremuka kwa asiyesoma, itashindwaje kuteremuka kwa asiyeona, kwa asiyesikia, kwa asiyeweza kupanda Kadutu?

Kule Harare, Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha mama wazee kusikiliza watu kwenye benchi la mbao, nje, karibu na kituo cha afya. Mwaka 2016 utafiti ulionyesha kwamba waliopita kwenye benchi hilo walipata nafuu kubwa kuliko wale waliopata matunzo ya kawaida tu. Benchi chini ya mti halina ngazi. Kiti cha magurudumu kinasogea kando yake, na wawili wanasema polepole.

SHERIA INASEMAJE

Hii si sadaka tu, ni haki. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 49, inasema kwamba wazee na watu wenye ulemavu wana haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Mwaka 2015 Kongo iliingia katika mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu. Na tarehe 3 Mei 2022 ikatolewa sheria namba 22/003 juu ya kulinda na kuendeleza haki zao. Sheria ni mbegu, msomaji. Ikibaki katika biro ya Kinshasa haioti. Inaota mtu wa kwetu akiuliza kwa heshima mbele ya kituo cha afya: "Ndugu yangu wa kiti ataingilia wapi?"

SISI TUFANYE NINI?

Hatuna pesa ya kusawazisha vilima vya Bukavu. Lakini mambo haya yako ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, katika shirika yenu au kundi lenu la sala, andikeni majina ya nyumba zenye mtu asiyetoka. Mnazijua. Mtume watu wawili, si kupeleka sabuni na kuondoka, bali kuketi. Mmoja aongee na watu wa nyumba, mwingine abaki peke yake na mgonjwa. Na atunze alichosikia. Anayekwenda kukitangaza kisimani, asitumwe tena.

Pili, mwombeni APS au munganga wa kituo ateremuke nyumbani siku moja kwa mwezi, na vijana wa korali wamsindikize njia. Kama hawezi kufika, simu inaweza kusaidia anayesikia, ila mwachieni mgonjwa simu mkononi, mtoke chumbani.

Tatu, vijana, jifunzeni lugha ya ishara. Mwombeni kiziwi aliyesoma awafundishe saa moja kila juma, nanyi mumlipe kama mwalimu mwingine. Mnajifunza nyimbo za sauti nne kwa majuma mawili. Mikono je, itawashinda?

Nne, mtu akianza kusema kwamba anataka kufa, hata kama anacheka, msimwache peke yake. Ondoeni sumu ya panya, kamba na visu karibu naye. Mwulizeni wazi: "Unafikiri kujiua?" Kumwuliza hakumfundishi; kunamfungulia mlango. Siku ile ile mpelekeni kwa munganga.

Tano, bibi anayembeba mume, mama anayembeba mtoto, naye amechoka. Kaeni na mgonjwa siku moja, yeye apumzike. Naye apate pahali pake pa kusema, kwa maana hata anayebeba yuko na siri yake.

Msomaji mpenzi, safari ijayo ukifika Bukavu, ukiwa unapanda Kadutu na pumzi inakatika, simama kidogo. Tazama nyuma: mji, rasi, ziwa, vyote chini yako. Kisha tazama milango midogo iliyo pembeni ya njia. Nyuma ya mmoja wake yupo mtu ambaye hakuteremuka tangu mvua ilipoanza. Usimwulize kwanza mguu unaendaje. Mwulize anaendaje yeye, halafu ngoja ajibu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA JAMAA

1. Katika nyumba yetu au kwa jirani, yuko nani anayesemewa kila mara na mtu mwingine? Tutampaje nafasi ya kusema mwenyewe?

2. Mtu wa kiti cha magurudumu akija kanisani kwetu kuomba shauri, ataingilia mlango upi, na ataketi wapi asisikiwe na wengine?

3. Nani kati yetu anaweza kutunza siri? Tumchague kwa sababu gani?